Hivi Rolls-Royce ya siku hizi ni Rolls-Royce kweli au ni BMW iliyobandikwa jina?

Dogo_wa_Sinza ameandika:

Wakuu heshima kwenu. Naombeni mnisaidie hili maana ofisini tumebishana hadi watu wamenuniana. Mshkaji mmoja anasema Rolls-Royce ya sasa hivi haipo, ni BMW tu imewekewa kile kidada cha mbele kwenye boneti halafu bei ikapandishwa. Mwingine anasema wewe hujui kitu, hao jamaa ndio wanaotengeneza injini za ndege, kwa hiyo injini ya gari na ya ndege zinatoka kiwanda kimoja. Wa tatu akamaliza kabisa, eti Rolls-Royce hawamuuzii kila mtu, wanachunguza kwanza ukoo wako na hela umepataje ndio wakupe gari.

Sasa ninachotaka kujua ni historia yake ikoje, mmiliki nani kwa sasa, na hiyo sifa ya gari bora duniani waliipata kihalali au ni maneno ya matangazo. Wajuvi karibuni, ila msikopi mahali mkaja kupesti hapa, mtu aeleze kwa maneno yake.

---

Mzee wa Spana amejibu:

Dogo umeuliza vizuri, ngoja nianzie mbali kidogo maana ukianzia kwenye BMW hutaelewa kitu.

Kwanza jua hawa walikuwa watu wawili tofauti kabisa. Henry Royce alizaliwa 1863, kwao maskini, baba kafa mapema, utotoni kauza magazeti na kupeleka telegramu, shule hakusoma ya maana. Akaja kufungua kikampuni chake Manchester cha vifaa vya umeme, baadaye akawa anatengeneza hadi kreni za umeme. Charles Rolls yeye ni wa 1877, mtoto wa lodi, kasoma Cambridge, hela ya nyumbani ipo, kazi yake kushindana magari na kuyauza pale London, mengi yake yakiwa ya kutoka nje. Royce alinunua gari la mtumba la Kifaransa aina ya Decauville, na kwa vile alikuwa fundi wa roho mbaya (namaanisha wale mafundi ambao kitu kikilia tu hawalali) akaona huu upuuzi, akaamua kutengeneza lake mwenyewe. La kwanza likatembea Aprili 1904, silinda mbili tu, nguvu za farasi 10. Halikuwa na ugunduzi wowote mle ndani! Watu wanakosea hapo. Royce hakugundua kitu, alichukua vitu vilivyokuwepo akavitengeneza kwa usahihi kuliko wengine wote, mpaka likawa halipigi kelele na halizimiki ovyo.

Rolls na Royce wakakutanishwa Mei 1904 kwenye Hoteli ya Midland, Manchester. Rolls akapanda kile kigari akasema nitauza yote utakayotengeneza, kwa masharti yaitwe Rolls-Royce. Kampuni ikaandikishwa rasmi 1906. Ila nyuma yao kulikuwa na mtu wa tatu anaitwa Claude Johnson, huyo ndiye meneja, na kwa maoni yangu sifa yote mnayoiona leo ni kazi ya huyu. Wenzie walimuita ile alama ya kistari kati ya Rolls na Royce. 1907 alichukua gari moja namba AX 201, akalipaka rangi ya fedha, akaliita Silver Ghost, wakalipeleka kwenye majaribio ya chama cha magari cha Uingereza likawa linapigwa ruti London na Glasgow usiku na mchana. Mwanzoni mwanzoni lilisimama mara moja kwa sababu koki ya petroli ilijifunga kwa mtikisiko, kutoka hapo likaenda maili 14,371 bila kusimama kwa hitilafu. Kwa barabara za 1907! Baada ya hapo walifungua injini wakaipima kila kipande mbele ya waamuzi, vya kubadilisha vilikuwa vichache mno. Sasa huo ndio msingi wa "gari bora duniani", kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni kwamba wakati ule haikuwa maneno matupu, kulikuwa na ushahidi.

Rolls mwenyewe hakufaidi sana. Akahamia kwenye ndege, Juni 1910 akavuka bahari ya kati ya Uingereza na Ufaransa kwenda na kurudi bila kutua, mwezi uliofuata mkia wa ndege yake ukakatika pale Bournemouth akafa akiwa na miaka 32. Muingereza wa kwanza kufa kwa ajali ya ndege yenye injini.

Na hizo injini za ndege zilianza hapo hapo baada ya muda mfupi, vita vya kwanza serikali iliwasukuma watengeneze, ikatoka Eagle 1915. Ile ndege ya Alcock na Brown iliyovuka Atlantiki 1919 bila kutua ilikuwa na Eagle mbili. Vita vya pili ndio ikawa Merlin ya kwenye Spitfire. Kwa hiyo huyo mwenzio wa ndege hakusema uongo wote, ila amechelewa miaka 50, nitaeleza.

---

Kamau_wa_Rongai amejibu:

Wasee mmesahau ile stori ya mfalme wa India aliyedharauliwa kwa duka lao London, akanunua magari yote akayarudisha India yakawa yanabeba takataka za mji mpaka kampuni ikamwomba msamaha. Hiyo ndio stori kali ya Rolls-Royce hizo zingine ni hesabu.

Halafu ile ya herufi RR kuwa nyekundu zikageuzwa nyeusi Royce alipokufa 1933, ya kuomboleza. Hiyo pia iko.

---

Mzee wa Spana amejibu:

@Kamau hizo mbili ndizo zinazozunguka kila mwaka kwenye magrupu na zote ni za kijiweni. Ya takataka, angalia utaona kila anayesimulia anamtaja mfalme mwingine, leo wa Alwar, kesho wa Hyderabad, keshokutwa Patiala. Tukio likiwa na wahusika watano tofauti na mwaka haujulikani hilo siyo tukio. Ukweli wenyewe ni mtamu kuliko hiyo hadithi kwa sababu wafalme wa India walikuwa kati ya wateja wakubwa kabisa wa Rolls-Royce kabla ya vita vya pili, wakiagiza bodi za kila aina, za kuwindia, za kukalia kama kiti cha enzi. Kampuni haikuwa na wazimu wa kuwafukuza dukani.

Ya herufi nyeusi, rangi ilibadilishwa Royce akiwa bado hai, wateja walikuwa hawapendi wekundu unavyogombana na rangi za bodi walizochagua. Yeye alikufa Aprili 1933, watu wakaunganisha.

Hapo kwenye bodi kuna kitu muhimu kwa swali la dogo. Mpaka vita vya pili Rolls-Royce walikuwa hawauzi gari zima, walikuwa wanauza chesesi na injini na ile grili ya mbele. Unanunua, halafu unapeleka kwa watengeneza bodi, kina Hooper, Barker, Mulliner, Park Ward, wanakujengea unachotaka. Kwa hiyo tajiri wa 1925 aliyekuwa na Phantom, robo tatu ya alichokuwa anakiona kwa macho haikutengenezwa na Rolls-Royce. Mnaolia leo kwamba vipande vinatoka Ujerumani kumbukeni hilo.

---

Bint_Maskati amejibu:

Assalaam alaykum jamani. Mie nipo huku Oman mwaka wa ngapi sijui, na mume wangu anafanya kazi za magari, basi hizi gari sie huku tunaziona mpaka zimeshatuzoea. Nataka kusema juu ya kile "kidada".

Kile ni sanamu kina jina lake, Spirit of Ecstasy, na aliyekichonga ni Charles Sykes, kikaanza kuwekwa 1911. Kabla ya hapo matajiri walikuwa wakijiwekea masanamu yao ya ajabu ajabu juu ya rejeta, chui, polisi, mapaka, Johnson akaona wanamharibia gari ndiyo wakatafuta yao rasmi. Wenyewe wanasema mwanamke aliyekuwa kielelezo ni Eleanor Thornton, katibu wa Lodi Montagu wa Beaulieu, na wakipendana kwa siri maana yule bwana ana mke. Sanamu ya mwanzo khasa aliyoiagiza Montagu kwa gari lake imeweka kidole mdomoni, kama anasema nyamaza. Masikini 1915 Eleanor akasafiri na huyo bwana kwa meli ya Persia kwenda India, nyambizi ya Kijerumani ikaipiga karibu na Krete, bwana akaokoka yeye akazama. Siku hizi kile kisanamu ukikigusa tu kinaingia ndani ya boneti chenyewe, mwizi hapati kitu.

Na kuhusu kuchunguzwa ukoo, hayo si kweli. Huku mtu akiwa na pesa yake anaingia, anachagua rangi, anachagua ngozi, anachagua nyota ngapi juu ya dari (wanatoboa vitundu vidogo vidogo kwenye ngozi ya dari kwa mkono wanapitisha nyuzi za taa), anasubiri miezi kadhaa analetewa. Wenye kuchagua wateja ni Ferrari kwa zile gari zao za idadi ndogo. Rolls-Royce wanataka uagize vikorombwezo vingi, hapo ndipo faida yao ilipo.

---

Mhehe_Ughaibuni amejibu:

Nipo Uingereza, siishi mbali sana na Crewe, huko ndiko kiwanda kilikokuwa, kwa hiyo nichukue kipande cha BMW kwa sababu huku wazee waliofanya kazi pale hii habari bado inawachoma.

Mzee wa Spana kaishia vitani. Baada ya vita magari yalihamia Crewe kuanzia 1946, kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya Merlin, kiwanda cha zamani cha mji wa Derby kikabaki na injini za ndege. Bentley walikuwa nayo tangu 1931 walipoinunua ikiwa imefilisika, na kuanzia hapo mpaka miaka ya 90 Bentley nyingi zilikuwa Rolls-Royce yenye grili tofauti, hilo wala halikuwa siri. Halafu ikaja balaa la 1971. Upande wa ndege ulikuwa umesaini kuwatengenezea Lockheed injini ya RB211 kwa ajili ya TriStar, bei ikawa fiksi, gharama zikapaa, tarehe 4 Februari 1971 kampuni ikaenda kwa mufilisi. Yaani Rolls-Royce ilifilisika! Serikali ya waziri mkuu Heath, ambayo ni ya chama cha kihafidhina kisichopenda kabisa kutaifisha vitu, ikalazimika kuutaifisha upande wa injini maana jeshi lote na mashirika ya ndege yangekwama. Upande wa magari haukuwa na tatizo, ukatengwa 1973 ukawa kampuni yake na hisa zake, 1980 ukanunuliwa na Vickers, hao watengeneza vifaru.

Kwa hiyo dogo mwambie mwenzio wa ndege kwamba tangu 1973 ni kampuni mbili zisizohusiana zinazotumia jina moja. Ile RR unayoiona kwenye injini za Airbus A330-800 za Uganda Airlines, zile Trent 7000, ni ya Rolls-Royce plc wa Derby, hawatengenezi hata baiskeli.

Ila kampuni ya ndege ndiyo ilibaki na haki ya JINA. Shikeni hapo.

1998 Vickers wakaamua kuuza magari. BMW walitoa pauni milioni 340 na kila mtu akajua wameshachukua, walikuwa tayari wanawauzia injini, Silver Seraph mpya ilikuwa na V12 ya BMW. Dakika za mwisho Volkswagen, Piëch akiwa bosi, wakaja na milioni 430. Wanahisa wa Vickers wakaangalia tarakimu wakapiga kura kwa VW. Sasa VW wakapata kiwanda cha Crewe, wafanyakazi, michoro, Bentley, hadi umbo la grili na yule bibie wa kwenye boneti. Ila jina Rolls-Royce na zile herufi RR hawakupata, kwa sababu mwenye jina ni kampuni ya ndege, na kampuni ya ndege ilikuwa na ushirika na BMW kwenye injini za ndege ndogo. BMW wakalipa pauni milioni 40 wakachukua jina. Milioni 40 tu!

Fikiria mtu kanunua nyumba na kila kilichomo halafu hati ya kiwanja iko kwa jirani. Mmoja ana sanamu na grili, mwenzie ana jina, na mwenye jina ndiye anamuuzia mwenzie injini na ametishia kumkatia. Julai 1998 wakakubaliana: VW wataendelea kutengeneza Rolls-Royce pale Crewe mpaka mwisho wa 2002 kisha jina, sanamu na grili vyote vinaenda BMW, na VW wanabaki na Bentley na kiwanda. VW baadaye wakawa wanasema sisi tulikuwa tunaitaka Bentley tangu mwanzo. Sawa.

BMW hawakupata hata bisibisi kutoka Crewe. Wakajenga kiwanda kipya Goodwood kusini mwa Uingereza kwenye ardhi ya kabaila mmoja huko, na Phantom ya kwanza ikakabidhiwa kwa mteja Januari 1, 2003, saa za mwanzo za mwaka. Injini V12 ya Kijerumani, bodi ya aluminiamu ilichomelewa Dingolfing Ujerumani, Goodwood wakafanya rangi, mbao, ngozi na kuunganisha.

---

Dogo_wa_Sinza ameandika:

Aisee @Mhehe_Ughaibuni umetisha. Kumbe jina lilikuwa na mmiliki wake. Sasa mbona kama ni hivyo yule mshkaji wa BMW ana haki? Hakuna mtu, hakuna kiwanda, hakuna mchoro uliotoka kwa Royce kufika Goodwood.

---

Mhehe_Ughaibuni amejibu:

Ukiangalia damu, ndiyo, ana haki, na nitakuongezea. Ile injini ya V8 waliyoibuni Crewe ilianza 1959 kwenye Silver Cloud II, ikakuzwa ikawa lita 6.75 mwaka 1970, ikasukuma Silver Shadow na zilizofuata mpaka ilipokuja Silver Seraph. VW walipotishiwa na BMW wakaifufua wakaiweka kwenye Bentley Arnage, ikaja Mulsanne, na ikatolewa ya mwisho 2020. Miaka 60 na ushee! Kwa hiyo ukitaka gari jipya lenye injini ya Rolls-Royce halisi, mwaka 2019 ungelazimika kwenda kununua Bentley. Na hawa wa Goodwood nao injini yao ya V12 ni lita 6.75, waliifikisha hapo makusudi ili namba ifanane na ya zamani. Namba inafanana, kilichomo ndani ni cha Munich.

Kwangu mimi mrithi wa Royce yuko Crewe anaitwa Bentley, na aliyeko Goodwood ni mtoto wa kulelewa aliyepewa jina la ukoo.

---

Mzee wa Spana amejibu:

Hapo nakataa mkuu, na nakataa kifundi.

Damu ipi? Silver Shadow ya 1965 mnayoilia machozi, giaboksi ilitoka General Motors Marekani. Mfumo wa haidroliki wa kusawazisha gari nyuma ni leseni ya Citroën. Mpaka viyoyozi vilikuwa na vifaa vya Kimarekani. Royce mwenyewe angekuwepo angechukua kilicho bora akakirekebisha, ndivyo alivyoanza, na Decauville ya watu. Hakuna wakati hata mmoja Rolls-Royce ilikuwa inatengeneza kila kitu yenyewe.

Na tuseme ukweli kuhusu hiyo Crewe ya miaka ya 80 na 90. Lilikuwa gari la kizamani lililopakwa vanishi. Injini kwa miaka hawakutangaza nguvu za farasi, wanasema "inatosha", na watu wakaona ni umaridadi, kumbe wakizitaja watu watacheka. Mercedes alitoa 600 mwaka 1963 na kitaalamu ilikuwa mbele ya Rolls-Royce yoyote ya wakati ule, ndiyo maana marais wa Afrika wengi walikimbilia huko, si kwa bahati mbaya kwamba kwetu huku mkubwa ni wa Benzi. 1989 Toyota akaleta Lexus LS400 iko kimya kuliko wote kwa bei ya chini mno. Lile tangazo maarufu la 1958 la David Ogilvy, kwamba kwenye mwendo wa maili 60 kelele kubwa kuliko zote ndani ya Rolls-Royce ni ya saa ya ukutani, sijui niseme ya dashibodi, lilikuwa tangazo zuri sana, ila lilibebwa miaka 30 baada ya ukweli wake kupita (na wazo lenyewe lilishatumika kabla na kampuni nyingine ya Marekani).

BMW ndio walioirudisha ikawa gari bora kweli. Hiyo Ghost ya kwanza ya Goodwood (siyo ile Silver Ghost ya zamani) ndiyo ilikuwa na ukaribu na BMW ya 7, wenyewe walikiri kama asilimia 20 ya vipande. Kuanzia Phantom ya 2017 wana fremu yao ya aluminiamu ambayo BMW yoyote haina, ndiyo iliyobeba Cullinan, Ghost ya 2020 na ile ya umeme, Spectre. Huwezi kuniambia hiyo ni BMW iliyobadilishwa sura. Injini ni familia ya BMW, ndiyo. Umeme wa ndani ni wa BMW, ndiyo, na mshukuru, maana umeme wa Kiingereza wa zamani mimi nimeufungua naujua.

---

Bint_Maskati amejibu:

Mzee wa Spana umesema kweli juu ya ubora lakini heshima je? Hapo ndipo mie naona pameharibika. Zamani hii gari hata mfalme alikuwa haipati hivi hivi. Ile Phantom IV ya 1950 walitengeneza 18 tu, zilizouzwa zikaenda kwa wafalme na wakuu wa nchi, ya kwanza ni ya Elizabeth akiwa bado hajawa malkia. Leo Cullinan ndiyo inayouzwa kuliko zote, jina la almasi iliyochimbwa Afrika Kusini 1905, na ukienda Dubai utaiona ya zambarau, ya kijani cha limau, kijana wa miaka 25 anaiendesha mwenyewe dirisha wazi muziki juu. Wenyewe kampuni wanafurahi wanasema wastani wa umri wa wateja umeshuka mpaka arobaini na kitu. 2023 waliuza gari 6,032, hawajapata kuuza hivyo tangu waanze. Kitu kikishakuwa kila kona kinabakia na bei tu.

---

Kamau_wa_Rongai amejibu:

Gari 6,032 dunia nzima ni kila kona? Dada huko kwenu ni kona gani 😂 Huku mimi naona moja ikipita Waiyaki Way nasimama.

Halafu hizo heshima za zamani... Lenin mwenyewe alikuwa na Silver Ghost, wakaifunga minyororo kama ya trekta nyuma ipite theluji, iko hadi leo kwa museum huko Gorki. John Lennon wa Beatles alipaka Phantom V yake maua na rangi ya njano kama matatu. Wenye pesa mpya wamekuwa wakiinunua tangu zamani, tofauti ni kwamba sasa kuna simu za kuwapiga picha.

---

Msomaji_wa_Moshi amejibu:

Nimesoma kimya kimya naongeza kimoja kwa sababu kinatuhusu. Kwenye vita vya kwanza Silver Ghost zilivalishwa vyuma na kuwekewa bunduki ya rasharasha, zikawa magari ya deraya. Watu wanajua za Lawrence kule Arabuni. Lakini zililetwa na huku, 1916, kikosi cha wanamaji wa Kiingereza kilikuwa nazo upande wa Taveta na Salaita wakati Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, anamsukuma Lettow-Vorbeck wa Wajerumani kutoka Kilimanjaro. Zilisumbuka sana na vichaka na matope ya mvua, chuma chote kile juu ya matairi membamba, lakini injini hazikulalamikiwa. Kwa hiyo kabla Mwafrika yeyote wa ukanda huu hajaipanda kwa starehe, Rolls-Royce iliingia Afrika Mashariki ikiwa imebeba bunduki. Nyie mnabishana ya Crewe na Goodwood, mimi nasema sifa ya injini ilijengwa kwenye shida kama hizo kuliko kwenye kumbi za wafalme.

---

Dogo_wa_Sinza ameandika:

Wakuu nimepata zaidi ya nilichoomba. Swali la mwisho la kizushi, kama mtu anataka ile ya zamani ya Crewe, Silver Shadow au Silver Spirit, kwa sababu naona mitandaoni huko Uingereza zinauzwa hela ya Prado iliyotumika, kuna shida gani kuimiliki huku?

---

Kamau_wa_Rongai amejibu:

Kenya usijaribu, gari la mtumba likizidi miaka 8 haliingii. Utabaki na Mulsanne za mwisho na hizo bei yake ni ya kuuza shamba na mwenye shamba.

---

Mzee wa Spana amejibu:

Bei ya kununua ndiyo rahisi dogo, ndiyo maana zinauzwa. Injini haina shida, ile V8 ukiibadilishia oili inakuzika. Kinachoua ni haidroliki. Breki na usawazishaji wa nyuma vinatumia mfumo mmoja wenye presha kubwa, na Silver Shadow inataka fluidi yake maalum, RR363, wakati Silver Spirit iliyokuja 1980 inatumia mafuta ya madini, tofauti kabisa. Fundi wa mtaani akiona imepungua atakumiminia breki fluidi ya kawaida kwenye Spirit, au ya Spirit kwenye Shadow, mpira wote wa ndani unavimba, unabaki huna breki wala shokapu na gari la tani mbili na zaidi liko mteremko wa Kitonga. Mfumo mzima unafunguliwa toka mbele mpaka nyuma, na hizo sili hazipo Kariakoo.

Ukiipata hata hivyo nitafute, nitaifungua bure niione tu.